Mbuzi choma wa kinyongo, Kenyatta Market, Nairobi

Bucha hii niliijia kwa kinyongo, wala sifichi. Jirani yake, ambaye simtaji, alinipimia mbavu za mbuzi zimenona, zikarudi kutoka motoni mifupa mitupu. Kumuuliza, ananiambia, "Mama, moto hula." Najua moto hula. Nyama ikichomwa lazima ipungue, mafuta yadondokee makaa. Ila sijaona moto unaochagua minofu ukasaza mifupa!

Hasira ingeisha siku ile ile. Kinyongo hukaa. Tangu hapo kila nikienda kusukwa sokoni humo, napita mbele yake, namsalimia kwa adabu zote, kisha naketi kwa mwenzake, kwenye benchi ambalo ananiona vizuri nikitafuna. Majuzi alinitumia kijana na kisahani cha mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, "salamu za mzee". Mutura nikala, salamu sikurudisha.

Haya, nyama yenyewe. Unajichagulia pande kwenye ndoano, mwenye bucha anaigeuza mizani uone, halafu anauchanja mguu chale mbili ili uujue ukitoka motoni. Kwangu mimi, chale hizo ndizo zilizonifanya mteja. Kuchomwa kunachukua muda, na Jumamosi usije na njaa kali. Wanaojua huagiza kwanza, ndipo waende kwa msusi. Nyama inakufuata huko huko, unakula kwa mkono mmoja huku kichwa kimeinamishwa na mtu anakuvuta nywele.

Inaletwa nzima juu ya ubao, mchomaji anaikata mbele yako, chumvi kirundo pembeni. Nje imekauka hadi inalia chini ya kisu, ndani bado ina maji yake. Kachumbari wanaikata papo hapo, dhania nyingi, pilipili ya kukutoa jasho. Ugali ni ugali tu. Supu usiache.

Ubaya wake ni moshi: ukishasukwa usikae karibu na jiko, utalala na harufu ya mbuzi kwenye mto. Na maji ya moto ya kunawa huisha mapema, mafuta yakagandia vidoleni.

Bei haina tofauti na ya jirani. Fika kabla ya saa saba mchana, baada ya hapo mbavu zimekwisha na utabaki na shingo.