Matema ya kiangazi na Matema ya masika: tathmini kwa anayepanga safari ya Ziwa Nyasa

Matema ni mji mdogo ulio kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, wilayani Kyela, mkoani Mbeya, mahali ambapo Milima ya Livingstone hushuka moja kwa moja hadi majini. Ziwa liko mita zipatazo 475 juu ya usawa wa bahari na vilele vya milima hiyo hupita mita 2,000, kwa hiyo anayesimama mchangani huinua uso na kuona ukuta wa kijani uliopanda kilomita moja na nusu hivi juu ya kichwa chake. Wageni wengi hufika mara moja tu, aghalabu kwenye likizo ya Desemba, wakaondoka wakiamini kwamba wameijua Matema. Mimi nimekuwa nikienda katika nyakati mbalimbali za mwaka, na ninaandika tathmini hii kwa sababu jambo moja halisemwi vya kutosha: vile vitu ambavyo mgeni huvilipia huko, yaani maji ya kuogelea, chakula, malazi na safari za mitumbwi, hubadilika sana kwa msimu, na asiyeuliza mapema huweza kulipia kimoja akapata kingine.

Kufika si shida tena. Magari ya Tukuyu na Kyela huondokea stendi ya Nane Nane jijini Mbeya, hupita kwenye baridi ya Uyole na Isyonje, yakakata mashamba ya chai na migomba ya Rungwe, kisha yakateremka hadi bonde la Kyela ambako kila abiria huvua sweta. Kipande cha Kikusya, Ipinda hadi Matema, chenye urefu wa kilomita 39 hivi, kimewekwa lami, na hilo limeifanya Matema ifikike hata katika miezi ambayo zamani ilikuwa ya kubahatisha. Ukipata kiti cha dirishani, angalia mikakao iliyo chini ya migomba, ambayo matunda yake huota kwenye shina lenyewe.

Kama ziwa ndilo linalokupeleka, nenda kati ya Septemba na mwanzo wa Novemba. Mito imepungua, haimwagi tope, upepo mkali wa katikati ya mwaka umekwisha, na maji huwa maangavu kiasi cha kuona nyayo zako ukiwa umezama hadi kifuani. Upande wa mashariki, mchanga unapokoma na mawe ya mlima kuanza, kuna samaki wadogo wa rangi ya samawati na ya manjano wanaochungulia kwenye nyufa za miamba. Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani, na hapa mtu hahitaji kuwa mpiga mbizi ili alielewe hilo. Miwani ya majini na subira kidogo vinatosha. Joto la Oktoba ni kali, lakini kwa kuwa milima iko mashariki, jua huchelewa kuufikia ufukwe, na saa za kwanza za asubuhi hupita kwenye kivuli. Jioni mambo hugeuka: mwanga hupiga ule ukuta wa mlima kutoka magharibi, na kila korongo huonekana wazi.

Huo pia ndio wakati mzuri wa kwenda Ikombe, kijiji cha wafinyanzi wa kabila la Wakisi kilicho chini ya mlima, ambako watu hufika kwa mtumbwi au kwa njia ya miguu. Wafinyanzi hao ni wanawake, na kazi yao ndiyo iliyonivutia kuliko kitu kingine chochote Matema. Hawatumii gurudumu. Mfinyanzi huuweka udongo juu ya kigae, akauzungusha kwa mkono mmoja huku mwingine ukiupandisha ukingo, na chungu kikishaanza kukauka hukisugua kwa kokoto laini hadi uso wake ung'ae. Kisha hukipaka udongo mwekundu na kukitia nakshi za rangi nyeupe kabla ya kukichoma kwenye moto wa wazi. Ukikishika, utashangaa kwamba chungu kikubwa namna ile kina ukuta mwembamba na uzito mdogo. Vyungu hivi huuzwa Jumamosi kwenye soko la Lyulilo, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Matema kwa kufuata ufuo. Ninashauri ununue pale, tena bila kubishana sana juu ya bei, kwa maana muuzaji amevisafirisha ziwani vitu vinavyovunjika, na faida yake ni ndogo kuliko ya dereva aliyekuleta.

Juni hadi Agosti ni habari nyingine. Milima bado ni ya kijani, anga ni safi, usiku ni wa kujifunika, na mpunga umetoka kuvunwa, hivyo wali unaopakuliwa mezani ni wa mchele mpya wa Kyela, ambao harufu yake huanza jikoni kabla ya sahani kufika. Kwa tumbo, hakuna msimu unaoupita huu. Ila upepo wa kusini huvuma, na kwa kuwa ziwa ni refu zaidi ya kilomita 500 kutoka kusini hadi kaskazini, mawimbi hupata nafasi ya kukua njia nzima kabla ya kuupiga ufukwe wa Matema. Siku za namna hiyo mtumbwi si chombo cha kumpandisha mgeni asiyejua kuogelea. Hapa ndipo nina lawama kwa huduma ya mji kwa jumla: nimewaona wageni wakipakiwa bila maboya ya kujiokolea, na mwenye chombo alipoulizwa alijibu kwamba ziwa analijua. Simtilii shaka kwamba analijua. Abiria wake hawalijui, na boya moja kwa kila mtu si gharama ya kumshinda anayeishi kwa kusafirisha watu. Usipande bila hilo, hata kama wenzako wote wamepanda.

Masika, hasa Machi hadi Mei, ndiyo Matema ambayo watu huikimbia, na ndiyo ninayotaka kuitetea kwa masharti. Kyela ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi nchini. Mto Lufilyo hujaa na kumwaga maji ya kahawia ziwani, ufukwe hupungua, na kuogelea hakupendezi. Tena si salama karibu na mdomo wa mto huo, ambako mamba wapo mwaka mzima. Mbu huwa wengi, na malaria ya bonde hili si ya kuchezea, kwa hiyo chandarua chenye tundu ni sababu tosha ya kubadilishiwa chumba. Lakini mvua ikikatika kwa saa moja, maporomoko meupe huonekana yakining'inia kwenye kila korongo la mlima, mawingu yakiwa chini ya vilele, na mji uko mikononi mwa wenyeji wake. Mwenye kupenda kuandika, kusoma au kutazama tu hatapata mahali pazuri zaidi kusini mwa nchi.

Kinachoharibu msimu huo ni nyumba za wageni zenyewe. Katika nyumba moja nilitozwa bei ileile ya Desemba kwa chumba kilichovuja juu ya kitanda, umeme ukikatika kila jioni bila taa ya akiba, na mhudumu, kijana mpole aliyejitahidi, hakuwa amepewa hata ndoo ya kukinga maji. Mwenye hoteli anayetaka wageni wa masika hana budi kushusha bei au kuziba paa. Malazi ya ufukweni ya kanisa la Kilutheri, ambalo mizizi yake hapa ni ya wamisionari wa Berlin waliofika kaskazini mwa ziwa mwaka 1891, ni ya kawaida, lakini nimeyakuta safi katika kila msimu, na sala za asubuhi hazimsumbui asiyeshiriki.

Desemba na Januari nitazipitia haraka: maembe ni tele, watu ni tele, muziki ni mwingi, na chumba hupatikana kwa aliyepiga simu mapema. Aliye na gari aunganishe safari na Hifadhi ya Kitulo, ambako maua huchanua kuanzia Desemba hadi Aprili na baridi humwondolea mtu uchovu wa joto la ziwani.

Kuhusu samaki, mbasa ndiye anayesifiwa, na kwa haki, kwa kuwa nyama yake ni tamu hata ikichemshwa na chumvi na ndimu pekee. Amepungua, hata hivyo, kwa sababu hupanda mitoni kutaga mayai na nyavu humngoja midomoni mwa mito. Ukimkosa, usipeleke malalamiko jikoni. Usipa, yaani dagaa wa Ziwa Nyasa, waliokaangwa wakakauka vizuri, pamoja na wali, ni mlo kamili. Agiza asubuhi, mara wavuvi wanapofika, kwa sababu jikoni nyingi za Matema hununua kile kilichoagizwa tu, na anayeketi mezani saa mbili usiku bila kuagiza ataletewa mayai.