Ramani ya sakafuni ya Ununuzi wa Louisiana: uzoefu wangu baada ya Jumamosi sita

Niliagiza seti hii Januari kwa ajili ya darasa langu la kujitolea, ambalo hukaa Jumamosi kwenye chumba cha chini cha kanisa hapa Des Moines, Iowa. Ni watoto 11 wa darasa la saba na la nane, wengi wa familia zilizotoka Bukavu, Uvira na Bujumbura. Shuleni kwao mwaka 1803, Marekani iliponunua kwa Ufaransa eneo kubwa la magharibi ya mto Mississippi lililoitwa Louisiana, hupita kama daladala isiyosimama kituoni. Nilitaka kitu wanachoweza kukikanyaga kwa miguu.

Boksi lina ramani ya turubai laini, mita mbili kwa tatu hivi, kadi 40, kete, noti za karatasi na kitabu cha mwalimu. Nililipa dola 68 pamoja na usafirishaji. Ilifika ikiwa imekunjwa vibaya, nikailaza chini ya godoro siku mbili ndipo ikanyooka.

Nianze na kilichonifurahisha, yaani mchezo wa mazungumzo ya Paris. Watoto wawili wanakuwa Livingston na Monroe, wajumbe wa Marekani, mmoja Barbé-Marbois, waziri wa hazina wa Ufaransa, na mmoja Napoleon, mtawala wa Ufaransa. Wamarekani wanaingia na kibali cha kununua mji wa New Orleans na eneo la Florida, bei isizidi dola milioni 10. Wanafika mezani, wanaulizwa: Louisiana nzima mtaitolea kiasi gani? Ni kama mtoto aliyetumwa kilo ya sukari, mwenye duka akamwambia chukua duka lote. Kijana aliyekuwa Monroe alinitazama mimi, akatazama noti zake, akasema anaomba kumpigia simu Rais Jefferson. Nikamwambia barua huvuka bahari kwa wiki kadhaa. Ndipo walipoelewa kwa nini wajumbe wale walisaini kwanza na ruhusa ikaja baadaye: mkataba una tarehe 30 Aprili 1803, na Seneti iliupitisha Oktoba kwa kura 24 dhidi ya 7, huku Jefferson mwenyewe akiwa na wasiwasi kwamba Katiba haisemi popote kuwa rais anaweza kununua nchi.

Kwa nini New Orleans? Hapo sikuhitaji kadi. Wakulima waliokuwa magharibi ya milima ya Appalachia walishusha unga, tumbaku na nyama ya nguruwe kwa mto Mississippi, na mwaka 1802 ofisa wa Hispania, iliyokuwa bado inaushikilia mji huo, akawafungia haki ya kuhifadhi mizigo bandarini. Mtoto ambaye baba yake aliwahi kungoja kontena Bukavu, mzigo umekwama bandari ya Dar es Salaam, hahitaji kuelezwa mara mbili kuishi mahali pasipo na mlango wa bahari kukoje.

Ukubwa pia uliwakaa haraka. Kitabu kinasema maili za mraba 828,000, namba ambayo haimwambii mtoto kitu. Nikawageuzia: kilomita za mraba kama milioni 2.14, pungufu kidogo tu ya Kongo nzima. Kukawa na kelele. Kongo nzima kwa dola milioni 15! Ndani yake dola milioni 11.25 zilikwenda kwa Ufaransa, zilizobaki zikalipa madai ya raia wa Marekani waliokuwa wakiidai Ufaransa. Kila ekari ikawa kama senti 3.

Hapo ndipo seti ilipoanza kunitia hasira. Kadi ya senti 3 ina picha ya mkono unaopokea sarafu, na chini yake imeandikwa kwamba hii ilikuwa biashara nzuri kuliko zote. Basi. Msichana mmoja, mdogo kuliko wote, akauliza kwa Kiswahili chao cha Kivu: "Na benye udongo, balibauliza?" Yaani, wenye ardhi waliulizwa? Nilipekua kadi zote 40. Wenyeji wa Amerika wamo kwenye kadi tatu, na zote tatu wanawasaidia Lewis na Clark, wale wapelelezi waliotumwa na Jefferson kwenda kuichunguza nchi hiyo: kuonyesha njia, kutoa chakula, kutafsiri.

Ukweli ni kwamba Ufaransa haikuuza mashamba. Iliuza dai lake, ile nafasi ya kuwa wa kwanza mbele ya mataifa mengine ya Ulaya. Ardhi yenyewe ilichukuliwa baadaye, kabila moja baada ya jingine, kwa mikataba kama ule wa Waosage wa 1808, na kwa vita. Watoto wanaojua habari za mkutano wa Berlin wa mwaka 1884, Ulaya ilipogawana Afrika, walilidaka jambo hili haraka kuliko nilivyotarajia.

Haiti ndiyo kasoro kubwa ya pili. Ramani inaishia Florida. Bila Haiti, Napoleon anaonekana mtu aliyeamka asubuhi akaamua kuuza. Alituma jeshi mwishoni mwa 1801 chini ya shemeji yake Leclerc kurudisha koloni lile la sukari, waliokuwa watumwa wakapigana, homa ya manjano ikafagia askari, na Leclerc mwenyewe akafa Novemba 1802. Kisiwa kilipomponyoka, Louisiana iliyokusudiwa kukilisha ikawa haina kazi kwake, na vita na Uingereza vilikuwa vinakuja, vinataka fedha. Nikakata kipande cha boksi, nikakichora, nikakibandika kwa gundi ya karatasi kwenye kona ya chini kulia. Watoto wanakifikia kwa kuruka.

Mengine kwa ufupi. Mipaka imechorwa kama ukuta, ilhali ule wa kaskazini ulikubaliwa na Uingereza mwaka 1818 na wa kusini-magharibi na Hispania mwaka 1819. Kiingereza cha kadi ni kigumu kwa mtoto aliyekaa Marekani miaka miwili tu. Video za kulipia sikuzitumia. Turubai ni imara, imemwagikiwa chai na haikuonyesha doa.

Ningeinunua tena? Kwa mchezo wa Paris, ndiyo, lakini nisubiri ishuke bei. Nimeiongezea kadi mbili za mkono, na moja ni ya Wameskwaki, kabila la wenyeji wa Amerika, ambao walitakiwa waondoke Iowa yote ifikapo 1845. Wengine walirudi, wakachangishana, na mwaka 1857 wakanunua ekari 80 za kwanza huko Tama kwa dola 1,000. Niliwaacha watoto wapige hesabu wenyewe ubaoni. Walipofika dola 12 na senti 50 kwa ekari, Napoleon wetu alirudia kugawanya mara mbili akidhani amekosea.