Nimefunga mota ya Hyper-Dash 3 kwenye kigari cha rimoti: uzoefu wangu

Kigari changu ni cha kipimo cha 1/28, kinakaa kiganjani. Mota yake ilikuwa imechoka: ukivuta triga inaguna kwanza, halafu ndiyo gari linaondoka. Mpwa wangu ana Mini 4WD za Tamiya, vile vigari visivyo na rimoti vinavyokimbia kwenye njia yenye kuta, na kwenye boksi lake kulikuwa na mota ya Hyper-Dash 3 ya akiba. Nikazilinganisha. Umbo ni lilelile la saizi 130, shafti milimita 2. Basi nikaiomba.

Kuichomoa ya zamani ni skrubu mbili tu. Kilichonitoa jasho ni gia ndogo ya kwenye shafti, maana imebanwa kwa nguvu. Koleo lilinila jino moja la gia, nikaenda kutafuta nyingine kwenye gari bovu. Hiyo niliinyanyua taratibu kwa bisibisi mbili nyembamba, moja kila upande, ikatoka nzima.

Nikawasha. Mwendo upo, lakini usukani unatetemeka kama mwenye homa, na nikisogea hatua nne rimoti haisikiki. Nilidhani nimeua bodi ya umeme ya gari. Kumbe kosa lilikuwa kwenye mota niliyoitupa pembeni: ilikuwa na kapasita tatu ndogo zilizoandikwa 104, yaani mikrofaradi 0.1, za kumeza kelele ya cheche za brashi, vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota. Mota za Mini 4WD hazina, kwa sababu hakuna redio ya kuvurugwa. Nikazihamisha: moja kati ya vichwa viwili vya mota, pale nyaya zinapoungwa, na moja kutoka kila kichwa hadi kwenye bati lake. Hilo bati likwangue kwanza kwa msasa, la sivyo risasi ya kulehemu haishiki. Tetemeko likaisha palepale.

Sasa mota yenyewe. Ina mbio kweli. Kwenye vigae vya sebuleni matairi ya nyuma yanazunguka bure na gari linageukia lilikotoka. Ila Tamiya wanaitaja kuwa ya volti 2.4 hadi 3.0, na mimi naipa 4.8 za betri nne ndogo za kuchaji. Dakika tano tu, kidole hakikai juu yake. Bodi nayo inapata moto, na transista za vigari hivi ni punje tu. Kwa hiyo nakimbiza dakika tatu, napumzisha.

Ukinunua, angalia isiwe ya PRO, hiyo shafti inatoka pande zote mbili na haitaingia. Na kama unachezea sebuleni kama mimi, chukua Torque-Tuned 2. Hiyo inazunguka mara 12,300 hadi 14,700 kwa dakika, wakati Hyper-Dash 3 inakwenda 17,200 hadi 21,200. Mimi nimeshaiagiza. Mpwa anataka yake irudi, na kapasita zangu anasema zibaki humo humo.