Ofisi ya mshauri wa uwekezaji, Mwanga, Kigoma: mwaka mmoja na ushee wa kuitumia

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanawake ishirini na sita, wengi wao wachuuzi wa dagaa wanaonunua mzigo katika mwalo wa Kibirizi na kuuanika wenyewe. Mwaka 2024, serikali ilipofunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, tulitambua jambo ambalo daftari zetu zilikuwa zimelificha kwa miaka mingi: akiba yetu karibu yote ilikuwa mikononi mwa wanachama kama mikopo, na wanachama wote walikuwa wamekosa mzigo kwa wakati mmoja. Hapakuwa na wa kurejesha wala wa kukopesha. Ndipo tulipoanza kutafuta ushauri, na tangu Septemba ya mwaka huo tumekuwa wateja wa ofisi ndogo iliyo ghorofani katika eneo la Mwanga, inayoendeshwa na mwanamke aliyekulia Ujiji.

Siku ya kwanza hakutaja mfuko wowote wala riba yoyote. Aliomba daftari letu, akalisoma karibu saa nzima, kisha akamwambia mwenyekiti wetu, "Mama, fedha yenu yote inakaa ziwani." Aliendelea kutueleza kwamba mkopo kwa muuza dagaa, mkopo kwa mwenye chombo na mkopo kwa mama lishe wa mwaloni vinaonekana kuwa mikopo mitatu tofauti, lakini vyote vinalipwa na samaki yule yule. Kwangu mimi, sentensi ile peke yake ilistahili ada ya shilingi 150,000 tuliyolipa kwa vikao vitatu.

Baadaye nilimuuliza alivyofika hapo, kwa sababu nilitaka kujua tunamkabidhi nani siri zetu. Alisomea uhasibu, akafanya kazi miaka kumi na miwili katika kampuni ya udalali wa hisa Dar es Salaam, akianzia kwenye kupokea fomu za wateja na kumalizia kwenye kuchambua hesabu za kampuni zilizoorodheshwa sokoni. Anasema aliondoka alipoona kwamba kipimo cha kazi yake kilikuwa idadi ya miamala, ilhali mteja aliyeshauriwa vizuri mara nyingi hufanya miamala michache. Aliposikia mwaka 2020 kwamba Ruth Zaipuna amekabidhiwa uongozi wa Benki ya NMB, alifurahi, lakini hakuona kwamba njia ya mwanamke katika fani hii lazima iishie kwenye kiti cha juu mjini. Alirudi nyumbani kwa sababu huku wenye akiba ni wengi, na wa kuwaeleza ni wachache.

Maadili yake nayapima kwa alichokataa. Mmoja wetu alitaka aingizwe kwenye mpango uliokuwa ukizunguka mjini, wa kutoa fedha na kurudishiwa maradufu baada ya wiki chache. Mshauri alitukumbusha upatu wa DECI, mpango kama huo uliozimwa na serikali mwaka 2009 wakati watu wengi wakiwa bado wanasubiri kuvuna walichopanda, kisha akatufundisha kuangalia kwanza kama muuzaji ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Yake mwenyewe alituonyesha kabla hatujaiomba. Vilevile hutaja kwa maandishi kamisheni yoyote anayoweza kuipata kutokana na uamuzi wa mteja, jambo ambalo sikuwahi kulipata kwa wakala mmoja aliyetuuzia bima miaka ya nyuma bila kutueleza makato.

Ubora wa huduma hii nauona zaidi katika ufafanuzi. Wengi tulidhani hatifungani ya serikali, yaani hati ya kuikopesha serikali fedha, ni kama akaunti ya muda maalumu, basi. Alitueleza kwamba kiwango cha chini ni shilingi 1,000,000, kwamba kuponi, yaani riba yake, hulipwa kila baada ya miezi sita, na kwamba zipo za miaka miwili hadi 25. Kisha akaeleza sehemu inayowaumiza watu: ukiwa na hatifungani inayolipa shilingi 10 kwa mwaka kwa kila 100, na serikali ikatoa mpya ya muda kama huo inayolipa 12, hakuna atakayenunua yako kwa 100; ukilazimika kuiuza kabla ya kuiva, yaani kabla muda wake haujaisha, itabidi ushushe bei. Kwa sababu hiyo alikataa katakata tusiweke fedha za ada za watoto kwenye hatifungani ya miaka 15, ingawa kuponi yake ilitutia tamaa. Fedha za dharura tuliziweka katika Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayoendesha mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ambako vipande, yaani hisa za mwekezaji katika mfuko, huuzwa na fedha kupatikana ndani ya siku chache za kazi. Sehemu ndogo tu ndiyo iliyokwenda kwenye hatifungani ya miaka mitano.

Aligusia pia Hatifungani ya Jasiri ya NMB ya mwaka 2022, iliyolenga kukopesha biashara za wanawake na kukusanya zaidi ya shilingi bilioni 74 ilhali zilizohitajika zilikuwa bilioni 25. Nilitarajia aisifu tu. Badala yake alitufanya tukokotoe asilimia zake 8.5 kwa mwaka dhidi ya mfumuko wa bei, akisema kuwa lengo jema halimwondolei mwenye fedha wajibu wa kupiga hesabu.

Upungufu upo, nao si mdogo. Ofisi hufunguliwa Jumanne na Jumamosi pekee, na ngazi zake ni kali kwa wazee wetu wawili ambao hulazimika kubaki chini wakisubiri kusimuliwa. Kufungua akaunti kwa jina la kikundi kulichukua wiki saba. Hatukuambiwa mapema kwamba muhtasari wa kikao ulihitaji sahihi na muhuri, hivyo safari moja ilipotea bure. Taarifa za robo mwaka hutumwa kwa barua pepe na kwa Kiingereza, na mimi ndiye ninayekaa kuzitafsiri Alhamisi, siku yetu ya kikao. Kwa mtu anayejua maneno yetu vizuri kiasi kile, hili sikulitegemea, nami nimemwambia.

Mwenye haraka ya faida hatamfaa, na atamrudisha mlangoni. Kikundi chenye daftari safi na subira nakishauri kiende, kikiwa na katiba, muhtasari wenye muhuri na vitambulisho vya watia sahihi wote watatu, na kifike kabla ya saa nne asubuhi, kwa maana Jumamosi foleni hushuka hadi barabarani.