Darasa la kuchora furu, Capri Point
Jumamosi nilihudhuria darasa la nusu siku kando ya Ziwa Victoria, jijini Mwanza, ambapo mchoraji na mtafiti wa samaki hufundisha pamoja, na nakiri kwamba nilikwenda nikitafuta tu picha ya kutundika sebuleni. Mtafiti aliweka furu wawili, samaki wadogo wa ziwa hilo wenye aina nyingi, kwenye sinia la bati, akampasua mmoja kwa kisu kidogo na kutuonyesha meno ya kooni, yale yanayomtofautisha mla konokono na mla mwani, huku mchoraji akitukataza kugusa rangi mpaka tuyachore kwa penseli, safu kwa safu. Kwa kuyakodolea macho hivyo nilielewa ni kitu gani kilichopotea baada ya sangara, samaki mkubwa anayewala furu, kupandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, kisha kuongezeka mno miaka ya 1980, aina nyingi za furu zikatoweka.

Kasoro zipo. Tulichelewa kuanza kwa saa nzima, brashi tulizipokezana, na boti tuliyoahidiwa ya kwenda kuyaona magugumaji haikutokea (mafuta, tuliambiwa). Hata hivyo nitarudi. Mchoro wangu wa taya, uliopinda kidogo kushoto, nimeubandika jikoni, juu ya jiko ninalokaangia sato.