Kumlalamikia askari: kuyamaliza kituoni au kuandika barua?

Bodaboda wa Igoma, Mwanza, amezuiliwa pikipiki na polisi, au mchuuzi wa samaki wa mwalo wa Kirumba ametolewa lugha chafu. Aanzie wapi?

Kuongea na mkuu wa kituo kunafaa kwa makosa madogo: matusi, kucheleweshewa RB (namba ya taarifa uliyoripoti polisi), mali kushikiliwa bila maelezo. Nenda asubuhi, siku ya kazi, na shahidi mmoja. Taja tarehe, saa, namba ya askari iliyo kwenye sare, kisha sema unataka nini hasa: pikipiki, radhi, au jalada lipewe mpelelezi mwingine. "Nataka haki yangu" haimsaidii afande kuamua lolote. Udhaifu wa njia hii ni kwamba haiachi karatasi. Askari akirudia, huna pa kushika. Basi yaandikeni mliyokubaliana, kila upande ubaki na nakala.

Barua kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) au kamanda wa polisi wa mkoa huchukua muda, ila ina kumbukumbu. Peleka nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo. Kimya kikizidi, ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ingawa haichunguzi shauri lililoko mahakamani.

Kipigo, kifo mahabusu au rushwa visizungumzwe pembeni hata kidogo. Rushwa ipelekwe TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, simu 113, bure. Aliyepigwa achukue PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali) mapema, kabla majeraha hayajafifia. Na ukiambiwa ulipie dhamana ya polisi, hiyo tayari ni rushwa.