Udi wa Unguja Katika Kiangazi cha Dodoma: Tathmini ya Karakana Moja ya Ala za Nyuzi, Majengo

Mwezi wa Agosti, wiki ya tatu tangu nihamie Dodoma kikazi, nilifungua kasha la udi wangu, ile ala ya nyuzi ya taarabu, jioni moja nikakuta ubao wa uso umepasuka kuanzia ukingo wa tundu kubwa la sauti hadi karibu na daraja linaloshika nyuzi. Ulikuwa ufa wa sentimita 9, na ncha ya ukucha iliweza kuingia ndani yake. Siku mbili kabla ya hapo vigingi vitatu vya kukazia nyuzi vilikuwa vimelegea vyenyewe, nami nikavikaza na kuendelea kupiga. Laiti ningejua kwamba kulegea kwa vigingi ndiyo dalili ya kwanza ya ukame, ningeuokoa ubao ule.

Udi huu uliishi Unguja zaidi ya miaka 20 kabla haujanifikia, katika hewa ya bahari ambayo unyevu wake mara nyingi hufika asilimia 75 na kuzidi. Dodoma iko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua zake ni za msimu mmoja unaoanza karibu na Desemba na kukoma Aprili, na miezi inayobaki ni ya jua na upepo mkavu. Kipima unyevu nilichonunua baadaye kilinionyesha asilimia 34 chumbani mwangu, saa nane mchana. Ubao ukipoteza unyevu husinyaa, na hausinyai kwa urefu bali kwa upana. Na kwa kuwa uso wa udi una unene wa milimita 2 hivi, tena umegundishwa kingo zote juu ya bakuli la mbavu (vipande vyembamba vya mti vilivyounganishwa kuwa mgongo wa udi), hauna nafasi ya kujikunja, kwa hiyo huachia pale palipo dhaifu na kupasuka kufuata mkondo wa mti.

Kosa langu lilikuwa kumpelekea kwanza fundi wa samani, ambaye kwa nia njema kabisa alijaza ufa kwa gundi nyeupe ya mbao, akaubana kwa jiriwa na kunirudishia kesho yake. Baada ya siku 11 ubao ukapasuka tena, milimita chache kando ya ufa wa awali, kwa sababu aliulazimisha ufunge ukiwa bado mkavu. Mwenzangu wa ofisini anayepiga gitaa katika kwaya ya kanisa ndiye aliyenielekeza kwenye karakana ninayoieleza hapa. Iko Majengo, mtaa wa hapa Dodoma, nyuma ya safu ya vibanda, umbali wa dakika chache kwa miguu kutoka sokoni, na haina kibao. Mwenyewe aliniomba nisiandike jina lake wala namba yake ya simu, kwa kuwa kazi aliyonayo inamtosha, lakini aliniruhusu kuandika kuhusu kazi yenyewe. Anayehitaji kumpata awaulize wapiga gitaa wa kwaya za mjini.

Ni mzee wa Kigogo aliyeanza kwa kutengeneza zeze, akaingia kwenye magitaa ya kwaya, na udi amewahi kuushika mara chache tu. Hilo lilinitia wasiwasi, na nikamwambia. Hakukasirika. Aliuchukua udi, akaugonga kwa kifundo cha kidole ubavu baada ya ubavu, akasimama penye mbavu mbili zilizotoa sauti ya kukwaruza, akasema, “Na hapa pia pameachia, mwanangu, ila hujapaona.” Kisha akanieleza jambo ambalo sijasahau. Uso wa zeze ni ngozi iliyovutwa juu ya kibuyu, na ngozi hulegea wakati wa masika, ikakazana na kulia vizuri wakati wa kiangazi. Kwa hiyo hali ya hewa inayoipa zeze sauti yake nzuri ndiyo hiyo hiyo inayoupasua udi. Mtu anayeelewa hivyo jinsi hewa inavyofanya kazi juu ya ala, nilimwachia udi wangu bila kusita zaidi.

Kwa wiki mbili za mwanzo hakuugusa kwa kifaa chochote. Aliulaza ndani ya sanduku la mbao pamoja na mabakuli mawili ya maji yaliyofunikwa kwa chachi, akilegeza nyuzi zote kwa kiasi, na kila asubuhi akilifungua sanduku kwa muda mfupi ili ukungu usiote. Mteja mwenye haraka angeona anapotezewa muda, na nakiri kwamba mimi mwenyewe nilimpigia simu mara mbili kuulizia. Ila nilipokwenda kuutazama siku ya 15, ufa ulikuwa umejifunga hata wembe haupiti. Tena nyuzi, ambazo tangu Agosti zilikuwa zikigusa shingo na kukwaruza, zilikuwa zimeinuka zenyewe, kwa kuwa ubao uliokuwa umebonyea kwa ukavu ulirudi mahali pake na kulibeba daraja. Angekuwa fundi wa pupa, angeinua kipande cha mfupa kilicho mwisho wa shingo ili kuondoa mkwaruzo, na mvua zikianza udi ungekuwa na nyuzi zilizo juu mno. Kwenye ala isiyo na vizuizi shingoni kama vya gitaa hilo ni tatizo kubwa, maana kidole kinachosukuma uzi mbali hupandisha pia sauti yake, na mpigaji hujikuta yuko nje ya maqamu (mpangilio wa sauti za muziki wa Kiarabu) kila anapopanda juu.

Ndipo alipoanza kuziba. Alitumia gundi ya ngozi, ile inayopashwa ndani ya chombo kilichokalishwa katika maji ya moto, na sababu aliyoitoa ni kwamba gundi hii huachia tena kwa joto na unyevu, hivyo fundi atakayekuja baada yake ataweza kufungua kazi bila kuvunja mti. Udi hauna mgongo wa kubandua kama meza, na kung'oa uso mzima ni hatari. Kwa hiyo alitoa nakshi ya tundu kubwa, akapitisha mkono na kioo kidogo, akagundisha kwa ndani vipande vinne vyembamba vya mti laini vikikatiza ufa. Vipande hivyo ndivyo vinavyouzuia usitembee tena. Gundi nyeupe ya yule fundi wa kwanza ilimchukua siku nzima kuikwangua, na alama yake bado inaonekana ukiushika udi kwenye mwanga. Mbavu mbili za bakuli nazo alizirudisha kwa gundi hiyo hiyo na mikanda ya mpira wa tairi la baiskeli, kazi ambayo leo siwezi kuonyesha ilikofanyika.

Kuhusu vigingi sina sifa kamili. Alivisugua kwa sabuni ya mche iliyokauka na kisha chaki, sabuni ili vizunguke na chaki ili vishike, na kwa vigingi 10 kati ya 11 matokeo ni mazuri sana. Kimoja, cha uzi mmojawapo wa jozi ya tatu (nyuzi nyingi za udi hukaa mbili mbili), kilikuwa kimelika hadi kuwa cha mviringo usio sawa, naye akakichongea mbadala wa mpingo. Kigingi hicho kinapendeza kwa macho, lakini mpingo ni mgumu kuliko mti wa kichwa cha udi wangu, na nina hofu kwamba kwa miaka mingi kitakuwa kinalitanua tundu lake.

Udhaifu halisi wa karakana hii ni nyuzi. Unguja, ambako kundi la taarabu la Nadi Ikhwan Safaa limekuwapo tangu 1905, mtu aliyekatikiwa na uzi hakosi mpigaji wa kumwazima. Dodoma sikuona duka lolote lenye nyuzi za udi, na fundi alikuwa na za gitaa peke yake. Kwa jozi za nailoni aliniwekea nyuzi za gitaa la nailoni, ambazo zinafaa kwa dharura, lakini kwa nyuzi nene za chini sauti ilikuwa nzito na butu, kwa kuwa uzi uliotengenezwa kwa ajili ya gitaa lenye urefu wa sentimita 65 hauvutiki ipasavyo kwenye udi wa sentimita 61 ukiutaka ushuke hadi do ya chini. Nawaomba wenzangu wasikubali kamwe kuwekewa nyuzi za chuma za gitaa. Seti ya kawaida ya nyuzi sita za chuma huvuta zaidi ya kilo 70, wakati nyuzi zote 11 za udi kwa kawaida hazifiki kilo 45, na daraja la udi limeshikwa na gundi tu juu ya ubao mwembamba. Hatimaye niliagiza seti kamili ya nyuzi za udi kupitia jamaa aliyekuwa akisafiri, na nashauri kila mpigaji aliye bara awe na seti mbili ndani ya kasha, akikumbuka kueleza urefu wa udi wake anapoagiza, kwa kuwa nyuzi za udi wa Kituruki wa sentimita 58.5 si za udi wa Kiarabu.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote halikuwa kwenye makubaliano yetu. Risha yangu ya plastiki, kile kipande cha kupigia nyuzi, ilikuwa imechanika ncha, na fundi akanichongea nyingine kwa pembe ya ng'ombe. Alilainisha kipande cha pembe katika maji ya moto, akakinyoosha kati ya mbao mbili, akakipunguza kwa tupa na msasa hadi kikawa chembamba kinachopinda bila kuvunjika. Ina sauti ya joto, haina ule mlio wa kukwaruza wa plastiki, na inateleza kwenye jozi bila kunasa. Dodoma ni nchi ya ng'ombe na pembe hutupwa. Sijui kwa nini wapigaji wa pwani hawaagizi risha zao huku.

Nililipa shilingi 180,000 kwa kazi yote, risha ikiwa nyongeza ya bure. Naona ni bei ya haki, hasa nikikumbuka kwamba kuusafirisha udi hadi pwani ukiwa na ufa kungeweza kuumaliza kabisa. Sikuridhishwa na muda, kwa kuwa niliahidiwa wiki tatu zikawa sita, wala sikupewa stakabadhi. Anayepeleka ala yake pale aipige picha pande zote kabla ya kuiacha, na aandikiane na fundi hata kwenye daftari la kawaida ni nini kitafanyika.

Kwa upande wa nyumbani nafuata maelekezo yake. Udi haukai ukutani tena, unalala ndani ya kasha lililofungwa, na pembeni yake kuna kibweta cha sabuni nilichokitoboa matundu na kukiweka sifongo iliyokamuliwa vizuri. Ninailowanisha upya kila siku ya tatu kati ya Juni na Novemba, na lengo langu ni kipima unyevu kisome kati ya 45 na 55. Mvua zikianza, kibweta kinatoka, maana unyevu wa kupita kiasi hubandua kile ambacho ukame ulikiacha. Siuachi ndani ya gari hata kwa dakika tano, na ninaposafiri nashusha nyuzi zote sauti moja, sizilegezi kabisa, ili ubao usipoteze ghafla mzigo uliouzoea.

Jumamosi iliyopita nilirudi Majengo, kwa sababu kile kigingi cha mpingo kimeanza kuteleza usiku na kuiacha jozi ya tatu ikitofautiana kila asubuhi. Mzee alikizungusha mara mbili tundu likiwa karibu na sikio lake, akakubali kwamba alikichonga kikiwa na mteremko mdogo kuliko tundu, akakataa malipo. Amekibakiza kukinyoosha upya, na mimi napiga udi wenye nyuzi 10 mpaka Jumatano.